Fahamu: Makosa yalifanywa na nani? Kauli ya kutendwa katika Kiingereza

Januari 1987, akilihutubia Bunge la Marekani kuhusu sakata la silaha zilizouzwa Iran kwa siri, Rais Ronald Reagan alikiri kwamba "serious mistakes were made": makosa makubwa yalifanywa. Na nani? Hakusema. Hii ni kauli ya kutendwa, ambayo katika Kiingereza huundwa kwa kitenzi "be" na umbo la tatu la kitenzi kikuu. Mtendaji akihitajika huletwa na "by", asipohitajika huachwa. Ndiyo maana wahariri wengi huikemea, wakimfuata mwandishi George Orwell, ambaye katika insha ya mwaka 1946 alishauri iepukwe kila inapowezekana (ingawa insha yake yenyewe imeitumia tele).

Nadhani wanamshika asiyehusika. "The man was shot by police" ni kauli ya kutendwa, na aliyefyatua risasi ametajwa. "A gun went off" ni kauli ya kutenda, na ndani yake hamna mtu. Kinachoficha ni kumwacha mtendaji. Utasema, basi tuikwepe tu kauli ya kutendwa isiyomtaja mtendaji. Lakini mwizi asipojulikana, "my phone was stolen" ndiyo sentensi ya haki, kwa kuwa habari ni simu. Hapa msomaji wa Kiswahili ana silaha ya ziada: tunatofautisha "yalifanywa", linaloacha nafasi ya "na fulani", na "yalifanyika", linaloufunga mlango huo. "Were made" huweza kutafsiriwa kwa yote mawili, na mfasiri anayechagua "yalifanyika" amemsitiri mkosaji kuliko Reagan mwenyewe.