Je, Wajua? Mgeni wa Chuseok Huanzia Jikoni

Je, wajua kwamba Wakorea huhesabu sikukuu yao ya mavuno kwa mwezi? Sikukuu hiyo, Chuseok, huwa tarehe 15 ya mwezi wa nane wa kalenda yao ya jadi, mbalamwezi ikiwa imetimia. Kwa kalenda ya kawaida ni Septemba au mwanzoni mwa Oktoba.

Ukialikwa na familia ya rafiki yako huko Korea Kusini, huenda ukashikishwa unga kabla ya kupewa kijiko. Ndugu huketi pamoja kutengeneza songpyeon, keki ndogo za mchele. Unga wa mchele hukandwa kwa maji ya moto, donge hubonyezwa katikati kwa kidole gumba, hujazwa ufuta uliotiwa asali, au maharage, kisha hufumbwa kwa umbo la nusu mwezi. Hupikwa kwa mvuke juu ya majani ya msonobari, na harufu yake tamu huingia ndani ya mchele. Wazee husema anayefinyanga songpyeon nzuri atapata mwenzi mwema, na vijana huhimizana kweli kweli!

Asubuhi ya sikukuu, nyumba nyingi huandalia wahenga meza ya wali wa mchele mpya, supu na matunda, kisha husujudu. Familia nyingi za Kikristo husali badala yake.

Wewe mgeni, vua viatu mlangoni, pokea kwa mikono miwili, mwache mkubwa aanze kula. Wala usiende mikono mitupu: boksi la matunda mazuri hupokewa kwa furaha.