Kazi za uhadhiri: Theluthi, lakini theluthi ya nini?

Msomaji, chukua tangazo lolote la kazi la chuo cha umma hapa nchini utayaona yale yale. Juu kuna nembo ya chuo, katikati orodha ya shahada na miaka ya uzoefu, na mwisho kabisa mstari mmoja unaosema kwamba wanawake, watu wenye ulemavu na walio katika jamii ndogo au zilizotengwa wanahimizwa kutuma maombi.

Katika baraza za Mji wa Kale mstari huo husomwa kwa sauti mbili. Yuko anayeusoma kwa matumaini. Yuko na yule anayeusoma huku akitingisha kikombe cha kahawa tupu, akisema ameuona mstari huo miaka nenda miaka rudi na bado hajaona mtoto wa mtaani kwake akiitwa.

Hebu tuchukue mfano wa binti wa Kibokoni. Ana shahada ya uzamili katika kemia, na kwa muda wa miaka miwili amekuwa akifundisha watoto wa jirani masomo ya ziada sebuleni kwao huku akingoja kazi. Siku moja chuo cha umma chatangaza nafasi ya mhadhiri. Nafasi yenyewe ni moja tu. Binti huyu ni mwanamke, na jamii yake ni ndogo. Mamake amwambia, mwanangu, safari hii sheria iko upande wako.

Mama hakukosea, wala hakupata sawasawa. Sheria ipo, tena si moja.

Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, iliyotungwa baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007, inasema katika kifungu cha 7 kwamba hakuna taasisi ya umma itakayokuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi wake kutoka kabila moja. Katiba iliyozinduliwa Agosti 27, 2010 ikaongeza kwamba katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa, wanachama wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili, na kwamba watu wenye ulemavu wapate angalau asilimia 5, ingawa hili la ulemavu lilipaswa kutekelezwa hatua kwa hatua. Nayo Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi katika kaunti ziwaendee watu wasiotoka katika kabila lenye watu wengi zaidi katika kaunti hiyo.

Hesabu, basi, zimejaa tele. Lakini kuna swali ambalo kadhi yeyote wa kisiwa hiki huanza nalo, na ambalo kwenye mambo haya ya kazi halijapata jibu moja. Mtu akifa naye ameusia theluthi ya mali yake, kadhi hakurupuki kugawa. Kwanza huuliza ni theluthi ya nini. Hutolewa gharama za mazishi, yakalipwa madeni, ndipo kilichobaki kikapigiwa hesabu. Anayekosea hapo mwanzo hukosea mpaka mwisho, hata kama hesabu yake ya kugawanya ni sahihi kabisa.

Sasa tazama neno lililotumiwa na sheria ile ya 2008. Imesema "wafanyakazi". Haikusema wahadhiri. Kwa hivyo chuo kinapohesabu theluthi yake, huhesabu kila mtu aliye kwenye orodha ya mshahara, kuanzia makamu wa chansela hadi mlinzi wa lango, mpishi wa mkahawa na kijana wa kufyeka nyasi. Chuo kinaweza kabisa kuwa na idara nzima ya wahadhiri waliotoka upande mmoja wa nchi, kisha kikajitetea kwa hesabu ya walinzi, wapishi na wafagiaji waliotoka vijiji vya karibu. Kwenye karatasi, kila kitu ni halali. Hapa Pwani, ambapo watu wamezoea kulalamika kwamba mwenyeji hukumbukwa kwenye kazi za lango na jikoni, jambo hili halihitaji maelezo marefu.

Kuna tatizo la pili, nalo ndilo linalomhusu binti wetu zaidi. Theluthi hii ni kikomo, si fungu. Inasema kabila fulani lisizidi hapa. Haisemi kabila lingine lipewe chochote. Piga hesabu mwenyewe. Makabila matatu yakichukua theluthi moja moja, nyumba imejaa. Makabila mengine yote ya Kenya, na ni zaidi ya 40, yamebaki nje, na hakuna sheria ya theluthi iliyovunjwa.

Si maneno ya kufikirika tu. Mwaka 2012 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, NCIC, ilipokagua vyuo vikuu vya umma iligundua kwamba makabila machache makubwa yalikuwa yameshika kazi nyingi kuliko sehemu yao katika idadi ya wananchi. Na vuta nikuvute hii haiko Pwani peke yake. Septemba 2016, mjini Eldoret, magavana wawili wa eneo hilo walishiriki maandamano ya kupinga uteuzi wa Profesa Laban Ayiro kuwa kaimu makamu wa chansela wa Chuo Kikuu cha Moi, wakisema mwenyeji ameachwa. Mtu akisikia habari hiyo huku kisiwani anaweza kucheka au kukasirika, kulingana na nani ni mwenyeji wake.

Korti nazo zimesemaje? Kesi iliyofungua mlango haikuhusu chuo, ilihusu majaji wenyewe. Mwaka 2011, baada ya majina ya majaji watano wa Mahakama ya Juu kutolewa, chama cha mawakili wanawake, FIDA-Kenya, pamoja na wengine walikwenda Mahakama Kuu kulalamika. Mahakama ya Juu ina majaji saba, na kwa uteuzi huo wanawake wangekuwa wawili na wanaume watano. Theluthi mbili ya saba ni nne na kitu. Watano wamezidi. Lakini majaji watatu waliosikiza kesi hiyo waliitupilia mbali Agosti 2011, wakiona kwamba wajibu uliotajwa katika Kifungu cha 27 umeielekea serikali, itunge sheria na kuchukua hatua nyingine, wala si deni la kulipwa papo hapo. Miaka mitano baadaye upepo ulibadilika kidogo. Desemba 2016 Jaji Joseph Onguto aliamua kwamba baraza la mawaziri la wakati huo lilikuwa limevunja kanuni hiyo ya jinsia, ingawa aliahirisha makali ya uamuzi wake kwa miezi minane.

Lakini baraza la mawaziri ni chombo kimoja, na Mahakama ya Juu ni chombo kimoja. Idara ya kemia yenye wahadhiri watatu ni chombo? Au chombo ni chuo kizima?

Swali hilo limewahi kuulizwa ng'ambo ya bahari yetu hii, likatikisa nchi nzima. India hutenga sehemu ya kazi za ualimu wa vyuo vyake vya serikali kuu kwa makundi yaliyodhulumiwa tangu zamani: asilimia 15 kwa matabaka ambayo zamani yaliitwa yasiyoguswa, asilimia 7.5 kwa makabila ya asili, na asilimia 27 kwa matabaka mengine yaliyo nyuma. Kwa muda vyuo vilikuwa vikihesabu nafasi za chuo kizima. Ndipo tangazo la kazi la Chuo Kikuu cha Banaras likapelekwa kortini, na Aprili 2017 Mahakama Kuu ya Allahabad ikaamua kwamba hesabu ifanywe idara kwa idara.

Asilimia haikuguswa hata moja. Kilichobadilika ni mahali pa kuanzia kuhesabu. Kwa utaratibu wa idara kwa idara, kundi la matabaka yaliyo nyuma hupata nafasi ya nne, wale wa asilimia 15 hungoja nafasi ya saba, na makabila ya asili hungoja nafasi ya kumi na nne. Idara yenye wahadhiri watatu haina hata nafasi moja ya kutengwa. Yenye sita ina moja tu. Idara nyingi za vyuo ni ndogo, kwa hivyo haki iliyokuwa imeandikwa ikayeyuka bila mtu kuifuta. Tume inayosimamia vyuo vikuu huko ilitoa agizo la kufuata uamuzi huo Machi 2018, Mahakama ya Juu ikakataa kuubadilisha Januari 2019, na walimu wakamiminika barabarani. Serikali ililazimika kutoa amri ya dharura Machi 2019, kisha bunge likapitisha sheria Julai mwaka huo huo kusema wazi kwamba cha kuhesabiwa ni chuo kizima, si idara.

Sheria yetu haijasema hivyo wala hivi kuhusu wahadhiri. Mwajiri naye si mmoja. Walimu wa vyuo vya ualimu kama kile cha Shanzu huajiriwa na TSC. Wa vyuo vya kiufundi vya serikali kuu wako chini ya Tume ya Utumishi wa Umma. Chuo kikuu huajiri kupitia baraza lake, na vyuo vidogo vya mafunzo ya kazi huajiriwa walimu na kaunti. Ile asilimia 30 ambayo mama wa Kibokoni ameisikia redioni inahusu kazi za kaunti tu. Mwanawe akiomba uhadhiri wa chuo kikuu, haimgusi.

Kisiwa hiki kina kumbukumbu yake ya nafasi zilizotengwa. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, pale Tudor, kilianza kama taasisi ya elimu ya Waislamu iliyojulikana kwa jina la MIOME, iliyokusudiwa kuwafundisha ufundi vijana Waislamu wa Afrika Mashariki. Sultani wa Zanzibar alitoa pauni 100,000, Aga Khan 100,000, jamii ya Mabohora 50,000 na serikali ya Uingereza 50,000. Wanafunzi wa kwanza waliingia 1951. Baada ya uhuru milango ikafunguliwa kwa wote, jina likawa Mombasa Technical Institute mwaka 1966, baadaye Mombasa Polytechnic, na tangu 2013 ni chuo kikuu kamili. Hakuna mwenye akili anayetaka milango hiyo ifungwe tena. Lakini mzee anayepita hapo akimpeleka mjukuu wake huwezi kumlaumu akiuliza wangapi wa watoto wa mji wamesimama mbele ya ubao.

Na hao "watoto wa mji" ni kina nani? Hapa ndipo fomu ya kazi inapomtoa jasho binti wetu. Kuna kisanduku cha kabila. Babake ni Mmvita, mmoja wa yale mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, Thenashara Taifa. Mamake ni Mdigo. Bibi mzaa baba alitoka Hadhramaut. Aandike nini? Enzi za mkoloni wazee wake walibishana na serikali miaka na miaka kama wao ni wenyeji au Waarabu, kwa sababu kodi na kura zilitegemea jibu hilo. Katika sensa ya 2009 waliojiandikisha kuwa Waswahili nchini walizidi 100,000. Katika ile ya 2019 hawakufika 60,000. Sidhani kwamba nusu ya Waswahili walihama. Watu waliandika kitu kingine kwenye kisanduku.

Upande wa pili nao una haki yake. Mfikirie kijana aliyezaliwa Tudor, wazazi wake wakiwa wametoka bara kuja kufanya kazi bandarini. Kiswahili chake ni cha hapa hapa, shule yake ni ya hapa hapa, na hajui kwao kwingine. Akiomba kazi ile ile ya kemia, kikomo cha theluthi hakimuulizi alizaliwa wapi. Chamuuliza kabila la babu yake. Huenda alama zake zimempita binti wa Kibokoni, na Kifungu cha 232 cha Katiba chasema uajiri wa umma ufuate ushindani wa haki na ustahili, ila kikaongeza papo hapo kwamba sura ya jamii zote za Kenya izingatiwe. Wawili hawa wanaweza kukutana kortini, kila mmoja ameshika Katiba ile ile.

Wakifika huko, kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inasema kuinua waliobaki nyuma si ubaguzi. Lakini pia mtu akidai amebaguliwa, mzigo wa kuthibitisha kwamba hakubaguliwa humwangukia mwajiri. Mwenye daftari ndiye wa kulifungua.

Kwa maoni yangu, daftari hilo lisingojewe mpaka kesi. Mahakama ya kazi ina kituo chake hapa Mombasa, lakini wakili ni ghali, na mara nyingi korti ikikubaliana nawe huamuru usaili urudiwe, haikukabidhi kiti. Kuna njia ya bei ya karatasi. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inamruhusu raia yeyote kukiuliza chuo cha umma kina wahadhiri wangapi, wa jinsia gani na wa makabila gani, idara kwa idara, bila kutaja jina la mtu. Chuo kina siku 21 za kujibu. Kikinyamaza, malalamiko huenda kwa ofisi ya Ombudsman.

Binti wa Kibokoni ana kalamu, na posta ya Digo Road si mbali na kwao. Katika barua yake, neno la kupigia mstari ni "wahadhiri". Akiandika "wafanyakazi", atajibiwa na hesabu ya walinzi.