Dada wa Mpelelezi

Mtu mwenye ndugu yake katika kazi ya upelelezi huwa na hofu mbili juu yake, na aghalabu huitamka moja tu. Hofu anayoitamka ni ya mwili: kwamba ndugu yule halali usingizi wa kutosha, chakula chake hupoa mezani, na watoto wake humwona kwa nadra kama mgeni wa sikukuu. Hofu ya pili, ambayo kwa rai yangu ndiyo nzito, huisitiri moyoni kwa haya au kwa kukosa maneno, nayo ni ya akili: kwamba kesi moja miongoni mwa mamia imemteka fahamu, hata kila alionalo, liwe la kweli au la kubahatisha, huwa ni ushahidi wa kile alichokwisha kukiamini.

Tuseme yupo dada mmoja wa Tanga, mkazi wa Ngamiani, ambaye mdogo wake ni mkaguzi katika idara ya upelelezi wa makosa ya jinai. Muuza duka mmoja aliuawa, mtu akakamatwa, mahakama ikamwachilia kwa kukosekana ushahidi, na tangu hukumu ile mkaguzi hana raha. Nakala za maelezo ya mashahidi amezipanga juu ya kabati la vyombo, chini ya sahani za wageni, mahali ambapo mkewe hawezi kutoa sahani pasipo kuziona. Kila baada ya sala ya Isha huwasha pikipiki akapita polepole mbele ya nyumba ya yule aliyeachiliwa, bila ya amri ya mkubwa wake wala taarifa katika kitabu cha kituo. Siku ya Idi dada anamjia na bakuli la pilau, akamkuta kavaa kanzu mpya na kalamu iko mkononi.

"Mdogo wangu, umekonda."

"Kazi, dada."

"Basi pumzika walau leo."

"Nikipumzika mimi, na yeye atapumzika."

Jawabu hilo humfunga mtu kinywa, kwa kuwa lina sauti ya wajibu na ghera ya haki, na nani atakayesimama mbele ya mwenye ghera ya haki akamwambia apunguze? Dada huweka bakuli, akaondoka akiwa na majuto kuwa amemsumbua mtu mwema. Lakini kosa lake si kwamba amesema. Kosa ni kwamba amesema juu ya mwili, ilhali maradhi yako katika hukumu ya akili.

Uingereza ilipata kuliona jambo hili kwa gharama kubwa. Katika miaka ya 1970 wanawake wa West Yorkshire waliuawa mmoja baada ya mwingine na mtu aliyewavizia usiku, na msako ukawa chini ya George Oldfield, mkuu msaidizi wa polisi aliyesimamia makosa ya jinai. Oldfield hakuwa mvivu wala mjinga. Alifanya kazi saa nyingi kupita kiasi, akaichukua kesi ile kama deni lake mwenyewe. Mwaka 1978 zikamfikia barua zilizotiwa posta Sunderland, za mtu aliyejidai kuwa ndiye muuaji, na mwezi Juni mwaka 1979 ikaja kanda ya sauti. Msemaji wake, kwa lafudhi ya kaskazini mashariki, alimwita Oldfield kwa jina lake la kwanza na kumdhihaki kwamba hajakaribia hata kidogo kumkamata.

Hapo ndipo kazi ilipogeuka kuwa ugomvi wa watu wawili. Oldfield aliisikiliza kanda, akaamini. Alikuwa na sababu zake, na insafu inataka tuzitaje: mate yaliyopatikana kwenye bahasha yalikuwa ya mtu wa damu ya kundi B, sawa na dalili iliyoachwa katika mauaji ya mwanamke mmoja wa Preston, na barua zilitaja mambo yaliyodhaniwa kuwa hayajulikani na umma, ijapokuwa magazeti yalikwisha kuyaandika. Kanda ikachezwa mbele ya waandishi wa habari tarehe 26 Juni, kisha ikawekwa kwenye simu ili kila raia aweze kupiga na kuisikia. Wataalamu wa lahaja wa Leeds, Stanley Ellis na Jack Windsor Lewis, waliitambua lafudhi ile kwa ustadi wa ajabu hadi kwenye kitongoji cha Castletown, Sunderland; lakini wataalamu hao hao wakatahadharisha kwamba huenda mwenye sauti si muuaji, na kwamba ni hatari kumwondoa mtu katika shuku kwa sababu ya matamshi yake tu. Ramani yao ikapokewa kwa shukrani. Tahadhari yao haikupata msikilizaji.

Basi ikawa asiye na lafudhi ya Sunderland huachwa aende zake. Mwezi Julai mwaka huo huo konstebo mmoja mpelelezi, Andrew Laptew, alimhoji dereva wa lori wa Bradford aitwaye Peter Sutcliffe, hakuridhika na majibu yake, akaandika ripoti ya kumtilia shaka. Ripoti ikatiwa faili. Polisi walimhoji Sutcliffe mara tisa kwa jumla katika msako ule, na ndiye aliyekuwa muuaji. Baada ya kanda kuja, aliwaua wanawake watatu zaidi. Oldfield mwenyewe alipatwa na maradhi ya moyo mwaka ule wa 1979, na nina hakika waliompenda walimwambia apumzike; maana hilo ndilo neno lililo jepesi ulimini.

Tazama ni nani aliyekuwa na ruhusa ya kumwambia kwamba amekosea. Ofisini mdogo humpigia mkubwa saluti, na konstebo hapingi imani ya mkuu isipokuwa kwa karatasi, nayo karatasi huishia kabatini. Nyumbani hakuna cheo. Dada aliyembeba mgongoni mkaguzi wa leo akiwa mtoto haitiki "Ndiyo, afande", wala hana cha kupandishwa au kushushwa. Kwa hiyo naona ni hasara kubwa haki hiyo adimu ikitumiwa kuulizia usingizi na chakula tu.

Swali la kumwuliza ni hili: "Ni kitu gani, kikitokea kesho, kitakachokufanya useme kwamba si yeye?" Mpelelezi mwenye akili huru, hata akiwa amekonda namna gani, atakuwa na jawabu: shahidi aliyemwona mtu yule Korogwe usiku ule, alama za vidole vya mwingine, rekodi ya simu. Aliyetekwa atahamaki, au atasema hakuna.

Wapo watakaonipinga kwamba pasipo watu wasiokubali kushindwa, kesi nyingi zingezikwa na wenyewe. Ni kweli. Katika jimbo la Washington, Marekani, upelelezi wa mauaji ya Green River ulioanza mwaka 1982 haukumpata Gary Ridgway mpaka Novemba mwaka 2001, na kilichomnasa ni mate yake yaliyochukuliwa mwaka 1987 yakahifadhiwa hadi elimu ya vinasaba ilipokuwa tayari kuyapima. Ung'ang'anizi wa namna hiyo nauheshimu, kwa sababu uliweka kitu ambacho kingeweza kumhukumu mshukiwa au kumwokoa, bila ya kujali mpelelezi anataka nini.

Na kama mkaguzi wetu wa Ngamiani atajibu kwamba hakuna, dada asinyanyue bakuli kwa hasira. Amwombe jambo moja dogo: jalada lisomwe na ofisa wa wilaya nyingine, asiyemjua marehemu wala mshukiwa. Ataliona ni tusi. Lakini huko Uingereza msako wa miaka zaidi ya mitano ulimalizwa tarehe 2 Januari mwaka 1981 katika mji wa Sheffield, ulio chini ya kikosi kingine cha polisi, na sajini Robert Ring na konstebo Robert Hydes waliokuwa katika doria yao ya kawaida. Walitilia shaka namba za gari, wakakuta ni za bandia, wakamshika dereva. Na usiku uliofuata sajini akarudi mahali ambapo dereva yule alikuwa ameomba kwenda haja, akaona nyundo na kisu nyuma ya tangi la mafuta. Lafudhi ya mtu huyo haikuwashughulisha hata kidogo.