Kuisoma Picha ya Chapa ya Kijapani: Utangulizi

Huenda umerithi picha ya Kijapani, au umeiona dukani, na swali lako la kwanza ni: je, ni halisi? Naomba tuliweke kando kwa muda, kwani limewapoteza wengi. Kwanza tuone picha hizi, ziitwazo ukiyo-e, zilivyotengenezwa.

Katika jiji la Edo, ambalo leo ni Tokyo, chapa moja ilipita mikononi mwa watu wanne. Mchapishaji alitoa mtaji na kuamua kitakachouzwa. Mchoraji alichora kwa wino kwenye karatasi nyembamba. Mchongaji aliibandika karatasi hiyo kifudifudi juu ya ubao wa mcheri, akachonga mpaka mistari peke yake ikabaki imeinuka. Mchapaji akapaka rangi, akalaza karatasi mpya, akaisugua mgongoni kwa bareni, yaani kisahani bapa kilichofunikwa kwa ganda la mwanzi. Ona kilichotokea mikononi mwa mchongaji: mchoro wenyewe uliangamia chini ya kisu. Hakuna, basi, picha moja mama iliyotunzwa mahali. Kuna vibao, na kuna chapa zilizotoka humo, nyingine mapema, nyingine mbao zimekwisha kuchakaa. La kuuliza ni hili: imechapwa lini, na kwa vibao vipi?

Saini isikubabaishe. Jina la mchoraji Hokusai unaloliona limechongwa ubaoni pamoja na mistari mingine; mwigaji naye alilichonga. Mimi huanza na mgongo wa karatasi. Karatasi ya Kijapani, washi, mara nyingi hutokana na gome la kozo, mti wa jamii ya mforosadi. Ni nyepesi lakini imara, na ukiiinua kwenye mwanga utaona nyuzi zake ndefu. Rangi huipenya, hivyo nyuma utakuta kivuli cha picha, na pengine alama za mizunguko ya bareni. Kisha shika lenzi. Ukiona vitone vidogo vilivyopangwa safu safu, hiyo imetoka kwenye mashine ya kisasa, na uchunguzi umeishia hapo.

Ikivuka mtihani huo, tafuta umri wake. Chapa za rangi nyingi, nishiki-e, zilianza kushamiri mwaka 1765 kwa kazi za mchoraji Suzuki Harunobu. Kwa kawaida kila rangi ilikuwa na kibao chake, na vialama vya kento vilivyochongwa pembeni vilihakikisha karatasi inakaa palepale kila mara. Tazama pia mhuri wa wakaguzi wa serikali: ule wa kiwame ulitumika tangu miaka ya 1790 hadi 1842. Huo nao ni wa kuchongwa, kwa hiyo ni ushahidi, si hukumu. Rangi husema zaidi. Buluu ya Prusia ilienea katika chapa hizi karibu na 1830; ikijaa kwenye picha inayodaiwa kuwa ya 1790, uliza maswali.

Chukua Wimbi Kubwa la Hokusai, la mwaka 1831 hivi, lenye upana wa takriban sentimita 37. Angalia kisanduku cha maandishi juu kushoto: katika chapa za mapema mistari yake ni mizima, za baadaye ina mapengo, kwa sababu ubao ulikuwa umelika. Waridi hafifu la mawingu nalo mara nyingi limefifia kabisa.

Thamani hufuata ukali wa mistari, uhai wa rangi, usalama wa karatasi na uhaba. Kingo zilizokatwa hushusha bei vibaya. Vibao vilivyochongwa upya baada ya 1868 vimetoa picha nzuri, kazi ya mikono kabisa, ila bei yake ni ya chini sana. Si kila chapa ya karne ya 20 ni rahisi, hata hivyo: vibao vya mchapishaji Watanabe Shozaburo viliteketea katika tetemeko la ardhi la Tokyo la 1923, na chapa zake za kabla ya hapo husakwa mno.

Majumba ya makumbusho ya British Museum ya London na Metropolitan ya New York yameweka chapa zao mtandaoni. Kabla hujamlipa mtu, weka yako kando ya yao na uzilinganishe mstari kwa mstari. Na tafadhali, usiitundike juani.