Usipake Rangi Gari la Marehemu

Sisi Wakenya tuna desturi moja ambayo hatujaitazama kwa makini. Kitu kikichakaa, twakiona kwa macho mawili tu: ama ni takataka ya kuuzwa kwa mizani, ama ni aibu ya kufichwa kwa rangi mpya. Kukitazama jinsi kilivyo, na kuuliza kina thamani gani hivyo hivyo kilivyo, ni jambo lisilotujia kwa urahisi. Ndiyo maana wajanja hutunyang'anya mali mchana kweupe, nasi tukawashukuru.

Nayasema haya kwa sababu ya pikapu moja.

Pikapu yenyewe ni Peugeot 404, na kwa zaidi ya miaka kumi makao yake yalikuwa chini ya mparachichi katika boma moja huko Kangundo, Machakos. Mwenyewe aliinunua mwaka wa 1977. Wasomaji wa makamo watakumbuka miaka hiyo. Baridi kali iliunguza mibuni ya Brazili mnamo Julai 1975, bei ya kahawa ikapanda duniani kote, na mkulima wa Kenya ambaye hakuwahi kushika noti nyingi kwa pamoja akajikuta anajenga nyumba ya mawe na kununua gari. Mzee huyu alinunua pikapu ya kupelekea buni kiwandani. Ilibeba buni, ilibeba saruji, ilibeba maharusi, na ilipobidi ikabeba majeneza. Kisha mzee akafariki, na gari likabaki pale pale alipoliegesha mara ya mwisho.

Siku moja dalali alifika akiwa na shilingi 45,000 taslimu mfukoni, akasema anaitoa kwa huruma tu. Kifungua mimba wa marehemu akataka zipokewe mara moja, kwa maana chuma ni chuma. Kitinda mimba akakataa katakata: yeye aliwahi kuona gari la namna hiyo likitangazwa kwa shilingi milioni mbili, kwa hiyo alitaka pikapu ipakwe rangi nyekundu, itiwe magurudumu yanayometameta na kuuzwa kwa bei hiyo. Mama yao, ambaye twafahamiana tangu nilipokuwa nikifundisha sehemu hizo, akanipigia simu. "Mwalimu," akasema, "watoto hawa watatoana macho kwa ajili ya pikapu ya baba yao. Njoo uniambie bei yake, nami nipate usingizi."

Mimi si makanika. Nilikwenda na fundi mzee aliyekuwa akiitengeneza pikapu hiyo enzi za uhai wake, na jambo la kwanza tulilokubaliana ni hili: gari kuukuu halina bei moja. Lina bei nyingi kwa kadiri ya watu wanaolitaka, na kila mmoja wao huja na mizani yake.

Yuko anayenunua vyuma chakavu. Huyu hupima uzito, basi. Tuseme gari lina yapata tani moja na kilo moja ni shilingi 40. Hesabu yake haivuki 40,000. Yuko muuza spea wa Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ile ambayo wengi bado huiita Grogan. Yeye haoni gari bali huona giaboksi, milango, vioo na taa, kila kimoja na bei yake, na faida yake imo katika kuyavunjavunja. Yuko mtu wa kazi anayetaka kubeba nyasi na maziwa. Huyu hawezi kulipa sana, kwa kuwa pikapu ya Kijapani iliyotumika humpa kazi hiyo hiyo bila ya kumwangaisha kutafuta vipuri. Wa mwisho ni mpenzi wa magari ya kale. Huyu ni adimu kuliko wote, lakini ndiye pekee anayelipia kile ambacho wenzake hawakioni.

Na mtu wa aina hiyo yuko hapa nchini kwa sababu nzuri. Peugeot 404 ilizinduliwa Ufaransa mwaka wa 1960, umbo lake likiwa limechorwa na Pininfarina wa Italia. Kwetu haikupendwa kwa umbo bali kwa uvumilivu. Ilishinda mbio za Safari mara nne: mwaka wa 1963, 1966, 1967 na 1968. Katika mbio za 1963 na za 1968 ni magari saba tu yaliyofika mwisho, na mara zote mbili walioshinda ni Nick Nowicki na Paddy Cliff ndani ya 404. Nayo pikapu ya jamii hiyo ndiyo iliyokuwa matatu ya wengi, hasa baada ya Mzee Jomo Kenyatta kuruhusu mwaka wa 1973 matatu zibebe abiria bila leseni maalumu ya uchukuzi. Nyuma palijengwa kibanda, pakawekwa mabenchi mawili, na watu wakasafiri wakitazamana, magoti kwa magoti. Anayeitafuta pikapu hii leo hatafuti usafiri. Anatafuta ujana wake, au wa babake.

Sasa tazama pikapu ya Kangundo ilikuwa na nini. Rangi yake ya kijivu ilikuwa imefifia lakini ndiyo ile ile iliyotoka nayo kiwandani. Nambari yake ilikuwa ya mtindo wa zamani, herufi tatu na tarakimu tatu, ya kabla ya mfululizo wa KAA. Nyuma palikuwa na lile duara la kuonya kwamba gari lisipite kilomita 80 kwa saa. Na kwenye mlango wa dereva palikuwa na maandishi ya mkono, kazi ya fundi wa herufi wa sokoni: jina la mzee, sanduku lake la posta, na uzito wa gari likiwa tupu, kama magari ya mizigo yalivyotakiwa kuandikwa. Herufi moja ilikuwa imepinda kidogo, kana kwamba mwandishi aliguswa kiwiko.

Mlango huo ndio uliokuwa mali. Chuma chake chaweza kupatikana kwingineko, na rangi nyekundu yapatikana katika kila duka. Lakini yale maandishi hayapatikani popote, na kopo moja la rangi lingeyafuta kwa nusu saa. Ndipo nilipomwambia kitinda mimba kwamba anachokiita kutengeneza, mnunuzi anayefaa angekiita kuharibu.

Kijana hakuridhika, basi tukaketi tukapiga hesabu. Fundi alikadiria kunyoosha bati na kupaka rangi shilingi 180,000, injini 110,000, breki na nyaya za umeme 45,000, magurudumu manne 36,000, viti 29,000. Jumla ni 400,000. Kwa maoni ya fundi, pikapu iliyotengenezwa hivyo ingeuzwa labda kwa 500,000, kwa hiyo familia ingebaki na laki moja, tena baada ya kukopa na kungoja. Ilhali ikiuzwa kama ilivyo, yeye aliamini haikosi laki mbili. Rangi ingewagharimu, kisha ingewapunguzia. Na zile milioni mbili? Bei iliyotangazwa ni ndoto ya muuzaji; bei ya kweli ni ile iliyolipwa. Gari linaloonekana likiuzwa mwaka baada ya mwaka kwa milioni mbili halijathibitisha bei yake, limethibitisha tu kwamba halinunuliwi.

Hata hivyo, kutopaka rangi si kuacha uchafu. Twaliosha gari kwa maji na sabuni, tukatoa viota vya panya chini ya kiti, tukajaza pumzi matairi yaliyoweza kushika. Vitu vidogo vilivyotawanyika bomani vikakusanywa: kikombe kimoja cha gurudumu kilikuwa kinanyweshea kuku maji, na kioo cha pembeni kilikuwa kimetundikwa bafuni. Vitu hivi ndivyo humtoa mnunuzi jasho kuvitafuta, kwa hiyo kila kimoja kikirudi mahali pake huongeza bei kuliko kinavyoonekana.

Kisha tukakagua pale ambapo rangi husema uongo. Kutu haianzii juu. Huanzia sakafuni chini ya mpira, kwenye kingo za chini ya milango, ndani ya mbawa za magurudumu na chini ya betri. Gari lililoishi Mombasa karibu na chumvi ya bahari laweza kung'ara nje na kuwa ungo chini. Hili la nyanda za juu lilikuwa na tundu moja tu la kutisha, upande wa abiria, upana wa kiganja. Injini hatukukimbilia kuiwasha kwa betri, maana injini iliyolala miaka mingi huweza kujivunja ikishtuliwa. Fundi alifungua plagi, akatia mafuta kidogo katika silinda, akaacha siku tatu, kisha akaizungusha kwa mkono. Ikazunguka. Sentensi hiyo fupi, "injini haijakwama", ina thamani ya maelfu mengi ya shilingi, almuradi iwe ya kweli.

Baada ya hapo ndipo nikauliza swali ambalo lingeulizwa kwanza: logbuku iko wapi, na ina jina la nani? Ilikuwa sandukuni, na jina lilikuwa la marehemu. Hapa ndipo familia nyingi hutumbukia. Sheria ya Trafiki yamhesabu aliyeandikishwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vingine. Na Sheria ya Urithi, Sura ya 160, yakataza mtu yeyote, hata mjane, hata kifungua mimba, kuuza mali ya marehemu kabla ya kupewa idhini ya kusimamia mirathi. Lau zile 45,000 zingepokelewa siku ile, Mama angekuwa amevunja sheria kwa kuuza cha mumewe, na gari lingezunguka nchini kwa jina la maiti. Dalali aliyajua haya yote. Hakutaka logbuku ibadilishwe. Alitaka apewe hivyo hivyo.

Familia ilikwenda mahakamani, na shughuli ikachukua karibu mwaka mzima. Katika kipindi hicho dalali alirudi mara mbili. Huruma yake ilipanda kutoka 45,000 hadi 70,000, kisha 120,000, ingawa gari lilikuwa lile lile na parachichi ziliendelea kulidondokea. Msomaji na alipime jambo hilo mwenyewe.

Hatimaye idhini ilipothibitishwa, pikapu ilitangazwa kwa shilingi 250,000 kama ilivyo, na picha zikaonyesha tundu la sakafu kwa karibu kuliko zilivyoonyesha kitu kingine chochote. Wana wote wawili walilalamika kwamba tunajiharibia. Akaja bwana mmoja kutoka Thika, akainama, akalitazama tundu, akasema litamgharimu 20,000 kuliziba. Hakubishana juu ya kitu kingine, maana hakuna alichokigundua ambacho hakuwa ameambiwa. Alilipa 230,000 kupitia benki, mapatano yakaandikwa mbele ya mashahidi, na uhamisho wa umiliki ukaanzishwa siku hiyo hiyo katika mtandao wa eCitizen. Kabla ya kuivuta pikapu kwa lori, aliomba jambo moja: mlango wa dereva ufunikwe kwa blanketi, maandishi yasikwaruzwe njiani.

Mama aliposikia hivyo alinyamaza kidogo. Halafu akaenda ndani, akaleta blanketi lake mwenyewe.

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi naongeza kwamba cha kweli nacho hujiuza, bora mwenyewe asiwe na haraka ya kukificha. Maboma yetu yamejaa mali za namna hii: cherehani, redio za mbao, baiskeli, mashine za kusaga, magari chini ya miti. Si zote zina thamani, na nyingine kweli ni za mizani. Lakini kabla hujampokea mtu aliyekuja na pesa za huruma, osha kitu chako, kusanya vipande vyake, tafuta hati zake, nawe uliza ni nani hasa anayekihitaji. Na kopo la rangi liache dukani.