Nondo wa Kiwavijeshi Vamizi na Mayai Yake

Mikarafuu haizai sawasawa kila mwaka. Mwaka wa mavuno haba, chungu cha nyumbani hutegemea konde la chakula. Kwa hiyo mwenye mahindi yampasa kumjua nondo wa kiwavijeshi vamizi, ambaye wataalamu humwita Spodoptera frugiperda.

Asili yake ni bara la Amerika. Barani Afrika alionekana kwanza upande wa Magharibi mwaka 2016, na mwaka 2017 alikwisha fika Tanzania. Mwaka 2018 alionekana India, na 2020 Australia. Huruka usiku, na akisaidiwa na upepo huweza kwenda mamia ya kilomita. Basi bahari si ukuta kwake.

Akikunjua mabawa, upana wake ni sentimita 3 hadi 4. Mabawa ya mbele ya dume ni ya hudhurungi na kijivu, yenye doa jeupe karibu na ncha. Ya jike yamefifia, hayana alama za kutambulika upesi. Mabawa ya nyuma ni meupe. Mchana hujificha, hivyo ni taabu kumwona.

Lililo rahisi zaidi ni kuyatafuta mayai. Jike hutaga kwa mafungu, kila fungu mayai 100 hadi 200, mara nyingi chini ya jani, kisha huyafunika kwa manyoya ya mwili wake hata yakaonekana kama ukungu. Maishani mwake hutaga mayai 1,500 hivi. Wakati wa joto huanguliwa kwa siku 2 au 3. Viwavi huparua majani, halafu huingia katika moyo wa mmea, na humo dawa haiwafikii kwa urahisi. Kiwavi mkubwa hutambulikana kwa alama ya herufi Y iliyopinduliwa usoni, na madoa manne ya mraba karibu na mkia.

Basi tangu mahindi yachipuapo, pita kondeni kila siku ya pili, pindua majani, na kila fungu ulionalo liponde kwa vidole. Kazi hiyo haina gharama, na fungu moja likipondwa ni viwavi mia na zaidi vilivyokomeshwa kabla ya kula hata jani moja. Mwambie na jirani yako, kwani nondo hajui mpaka wa konde.