Afisi za pamoja Budapest: Mgeni njoo, mwenyeji apone?

KATIKA mtaa wa Terézváros, ambao ni wilaya ya sita ya jiji la Budapest nchini Hungaria, majumba ya kale yamesongamana pande zote za barabara, kila moja likificha ua wake wa ndani nyuma ya lango zito.

Nyuma ya baadhi ya malango hayo hamna makao wala duka. Kuna meza ndefu, mashine ya kahawa na watu walioinamia tarakilishi zao kimya kimya. Mmoja huandika programu za kampuni iliyoko Marekani, jirani yake hutafsiri mikataba, naye wa tatu huchora nembo ya duka la Ujerumani. Hawana mwajiri mmoja, na wengi wao hawakujuana kabla ya kuketi hapo.

Hizo ndizo afisi za pamoja, ambazo Wahungaria huziita "közösségi iroda", yaani afisi za jumuiya. Kwa zaidi ya mwongo mmoja zimelisaidia jiji hilo kuwa kituo cha watu wanaoitwa wahamaji wa kidijitali: wafanyakazi ambao kazi yao yote hufanyika kwenye intaneti, na ambao huchagua pa kuishi kwa kutazama hali ya hewa, kasi ya mtandao na bei ya nyumba.

Lakini ni katika mtaa huo huo wa Terézváros ambapo mnamo Septemba 2024 wakazi walipiga kura na kuamua kwamba nyumba zisikodishwe tena kwa wageni wa siku chache. Yaonekana mtaa ulioipokea afisi ya mgeni umekikataa chumba chake cha kulala. Kuelewa sababu ni kuelewa faida na gharama ya biashara hii.

Zilikotoka

Wazo la watu wasio na mwajiri mmoja kuketi pamoja na kufanya kazi si geni jijini Budapest. Mkahawa wa New York, uliofunguliwa mwaka wa 1894, ulikuwa maskani ya waandishi na wahariri wa magazeti. Inasimuliwa kwamba wahudumu waliwapa karatasi na wino bila malipo. Mwandishi alilipia kikombe kimoja cha kahawa, akapata joto wakati wa baridi, mwanga, magazeti ya kusoma na watu wa kubishana nao.

Afisi ya pamoja ya siku hizi huuza mambo hayo hayo, ila wino umegeuka kuwa intaneti.

Afisi za aina hii zilianza kupata umbo lake la sasa mwaka wa 2005 jijini San Francisco, Marekani, wakati mtaalamu wa programu Brad Neuberg alipofungua mahali pa watu wanaojitegemea kufanyia kazi pamoja, siku mbili kwa wiki. Neno "mhamaji wa kidijitali" lilitangulia. Lilienezwa na kitabu cha Tsugio Makimoto na David Manners kilichochapishwa mwaka wa 1997, kabla ya simu nyingi kuweza kufungua hata ukurasa mmoja wa wavuti.

Budapest haikuchelewa. Loffice ilifunguliwa Terézváros mwaka wa 2009. Mwaka huo huo vijana wa jiji hilo walianzisha Prezi, programu ya kutayarisha maonyesho ambayo ilipata watumiaji kote duniani. Mwaka wa 2012 ikaja afisi iliyoitwa Kaptár, neno la Kihungaria lenye maana ya mzinga wa nyuki.

Zinavyofanya kazi

Mwenye afisi hukodi ghorofa nzima kwa mkataba wa miaka kadhaa, akaipamba na kuiwekea mtandao wa kasi, kisha akaiuza vipande vipande: kwa siku, kwa wiki au kwa mwezi. Mteja hulipa kidogo kwa sababu halipii kiti peke yake. Si wanachama wote wanaofika siku moja, hivyo viti hamsini huweza kuwatosha watu wengi zaidi ya hamsini.

Malipo hutegemea uhakika anaoutaka mteja. Wa bei nafuu huketi popote apatapo nafasi na kuondoka na vitu vyake jioni. Anayeongeza fedha hupata meza yake mwenyewe na kabati lenye kufuli. Kampuni ndogo hukodi chumba kizima. Wapo pia wanaolipia anwani tu ya kusajili biashara na kupokelea barua, bila kuonekana hapo.

Kwa kawaida meza ya mwezi mzima jijini Budapest hugharimu kati ya Euro 100 na 200, yaani takriban Sh15,000 hadi Sh30,000. Pamoja na meza huja jiko, kahawa, vibanda vya kupigia simu bila kuwasumbua wengine, na chumba cha mikutano kinachokodishwa kwa saa.

Wanachama wengine hupewa kadi ya kuingilia usiku na mchana. Sababu ni majira ya saa. Inapotimu saa tisa alasiri Budapest, New York ni saa tatu asubuhi, hivyo anayehudumia wateja wa huko huanza mikutano yake wakati Wahungaria wanajiandaa kurudi nyumbani.

Hata hivyo, kitu kinachouzwa zaidi si meza. Mfanyakazi anayezunguka dunia akiwa na tarakilishi mkobani huweza kufanyia kazi jikoni mwake. Asichoweza kupata jikoni ni mtu wa kumwuliza daktari mzuri yuko wapi, au wa kumdokezea kwamba kuna kampuni inayotafuta mtu wa ujuzi wake.

Biashara yenyewe si salama. Mwenye afisi amefungwa na mkataba wa miaka ilhali mteja wake anaweza kuondoka mwisho wa mwezi. Janga la Covid-19 lilipozuka mwaka wa 2020, viti vilibaki vitupu huku kodi ikiendelea kudaiwa. Hata WeWork, iliyoanzishwa Marekani mwaka wa 2010 na kuenea katika nchi nyingi, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake mnamo Novemba 2023.

Kwa nini Budapest

Hungaria ilijiunga na Umoja wa Ulaya mwaka wa 2004 na eneo la Schengen mwaka wa 2007, lakini ikabaki na sarafu yake, forinti. Mgeni anayelipwa kwa dola au Euro huyapata mambo mengi ya jiji kuu la Ulaya kwa bei iliyo chini kuliko ya Paris, London au hata Vienna, jiji lililo umbali wa chini ya saa tatu kwa garimoshi.

Usafiri ni mfano mzuri. Mwaka wa 2024 tikiti ya mwezi mzima ya mabasi, tramu na garimoshi za chini ya ardhi iliuzwa kwa forinti 8,950, kama Euro 23 hivi. Mojawapo ya njia hizo, inayopita chini ya barabara ya Andrássy katika Terézváros, ilianza kutumika mwaka wa 1896. Yapo pia mabafu ya maji ya moto yatokayo ardhini, kama ya Széchenyi yaliyofunguliwa mwaka wa 1913, ambako mtu hupumzisha mgongo baada ya kuketi kutwa.

Lakini neno "nafuu" lina mwenyewe. Mwaka wa 2025 mshahara wa chini kabisa nchini Hungaria ulikuwa forinti 290,800 kwa mwezi kabla ya makato, kiasi kisichofika Euro 750. Kwa mtumishi wa mkahawa anayelipwa hivyo, jiji hilo si rahisi hata kidogo. Kinachomvutia mgeni, yaani pengo baina ya mapato yake na bei za hapo, ndicho kinachomwumiza mwenyeji. Si ajabu kwamba Wahungaria wengi walivuka mpaka kwenda kutafuta riziki Austria na Ujerumani, hasa baada ya nchi hizo kuwafungulia kikamilifu soko lao la ajira mnamo Mei 2011.

Kadi Nyeupe

Serikali ya Hungaria haikuacha mambo yajiendee yenyewe. Mwaka wa 2022 ilianzisha kibali kiitwacho Kadi Nyeupe kwa wageni kutoka nje ya Umoja wa Ulaya wanaofanya kazi kupitia mtandao.

Masharti yake yanaonyesha mgeni anayetakikana ni yupi. Anapaswa kuonyesha mapato ya angalau Euro 3,000 kwa mwezi, takriban Sh450,000, yanayotoka nje ya Hungaria. Haruhusiwi kuajiriwa na kampuni ya nchini humo wala kumiliki hisa ndani yake. Kadi ni ya mwaka mmoja, huongezwa mara moja tu kwa mwaka mwingine, na haimpi mwenyewe haki ya kuwaita mke, mume au watoto.

Kwa ufupi, Hungaria humtaka mgeni aje na pesa zake, azitumie, asigombee kazi na mwenyeji, kisha aondoke. Kiwango hicho cha Euro 3,000 kilikuwa zaidi ya mara nne ya mshahara wa chini wa mwenyeji mwaka wa 2025.

Kwa Mkenya mlango huwa mwembamba zaidi. Raia wa Marekani huingia eneo la Schengen bila viza na kukaa hadi siku 90 katika kila siku 180. Mkenya hulazimika kuomba viza kabla ya kusafiri, na ada yake, iliyopandishwa hadi Euro 90 mnamo Juni 2024, hairudishwi akinyimwa. Viza hiyo ya muda mfupi nayo si kibali cha kufanya kazi. Kijana wa Nairobi au Eldoret anayefanya kazi za mtandaoni anaweza kuwa na ujuzi sawa na wa Mmarekani aliye meza ya pili, lakini pasipoti zao haziheshimiwi sawa.

Meza na kitanda

Ndipo linapokuja suala la kura ya Terézváros. Takriban asilimia 54 ya waliopiga kura waliunga mkono marufuku ya kukodisha nyumba kwa wageni wa siku chache kupitia mitandao kama Airbnb, marufuku iliyopangwa kuanza Januari 1, 2026. Serikali kuu nayo ilisimamisha utoaji wa leseni mpya za nyumba za aina hiyo jijini kote kuanzia mwaka wa 2025.

Chanzo ni bei. Tangu mwaka wa 2010 bei za nyumba nchini Hungaria zimepanda zaidi ya mara tatu, ongezeko ambalo ni miongoni mwa makubwa zaidi katika Umoja wa Ulaya. Si haki kuwabebesha wahamaji wa kidijitali lawama zote. Watalii ni wengi kuliko wao, wapo wawekezaji wanaonunua nyumba kama akiba, na mikopo ya nyumba iliyofadhiliwa na serikali ilichochea bei pia. Lakini mhamaji anayekaa miezi miwili hutafuta nyumba ile ile ambayo mwanafunzi au muuguzi angeikodi kwa miaka miwili, naye ana uwezo wa kulipa zaidi.

Hapa ndipo tofauti ilipo. Meza ya afisi ya pamoja ni kitu kinachogawanyika. Mgeni anapoikalia, hamwondoi mwenyeji, bali humpunguzia gharama, kwa kuwa kodi ya ghorofa hulipwa na wengi. Mhasibu au mchoraji wa Kihungaria hunufaika kwa mtandao huo huo, na huenda akampata mteja kutoka ng'ambo akiwa jikoni akisubiri kahawa. Kitanda hakigawanyiki hivyo. Chumba kilichokwisha kugeuzwa cha wageni ni chumba kimoja kilichotoka mikononi mwa wakazi.

Funzo nyumbani

Mambo hayo yanaihusu Kenya kwa karibu. Nairobi ilipata iHub, mojawapo ya afisi za pamoja za mwanzo barani Afrika, mwaka wa 2010 kwenye barabara ya Ngong. Mnamo Oktoba 2024 serikali ilitangaza kibali maalumu cha kuwavutia wahamaji wa kidijitali, ikitarajia waje na fedha za kigeni. Tayari nyumba za kukodisha kwa siku ni jambo la kawaida Kilimani na Diani.

Budapest inaonyesha kwamba kuwakaribisha wageni hao ni maamuzi mawili, wala si moja. La kwanza, kuwapa mahali pa kufanyia kazi, ni jepesi na faida yake humfikia mwenyeji haraka. La pili, kuwapa mahali pa kulala, linadai nyumba zaidi kujengwa au sheria za kulinda zilizopo. Jiji hilo lilitekeleza la kwanza mapema, na likaanza kulishughulikia la pili kwa dhati baada ya miaka mingi ya kodi kupanda.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wakazi wa Terézváros hawakumfukuza mgeni. Walichokataa kwa kura zao ni yeye kupewa chumba ambacho mwenyeji bado anakihitaji.